Na Mama hadi Korintho: magofu ya Ugiriki kwa basi

Haya nimeyapanga upya kutoka kwenye daftari la mfukoni, picha za simu na bahasha ya risiti ambayo mama aliitunza kama hati ya kiwanja. Yamechelewa kwa sababu kila nikikaa kuandika naishia kumpigia simu: mama, yule kijana aliyekushika mkono kwenye mawe alikuwa Mbrazili au Mreno? Yeye anakumbuka yote.

Mama yangu alifundisha shule za msingi wilayani Muheza kwa miaka 34, na Jumapili alifundisha watoto kanisani Magila. Mimi na wadogo zangu tulizijua Korintho, Efeso na Kenkrea kabla hatujajua Iringa iko upande gani. Alipostaafu tukamuuliza anataka nini. Wenzake waliomba friji, wengine mabati. Yeye akasema anataka kusimama Korintho. Tulichanga ndugu wanne kwa miaka kadhaa, na Oktoba 2024 nikampeleka. Alikuwa na miaka 71 na goti la kulia lililolika. Daktari alimruhusu kutembea, ila asishindane na ngazi.

Jumatano, 9 Oktoba. Kufika Athens

Tulipitia Doha na njia nzima tulilala. Mwezi huo saa za Ugiriki ni sawasawa na za kwetu, kwa hiyo mama hakugusa saa yake ya mkononi, jambo lililompa faraja kubwa. Kutoka uwanja wa ndege tulipanda treni ya metro, euro 9 kila mmoja, na dada yangu, mtoto wa mama mdogo, akatupokea nyumbani kwake mtaa wa Kypseli. Huko Waafrika ni wengi na unga wa ugali haukosekani madukani. "Shikamoo, mama mkubwa!" alipiga kelele ngazini mpaka jirani akafungua mlango. Jirani huyo, mwanamke mtu mzima wa Kigiriki, alirudi ndani na kutoka na sahani ya zabibu. Hatukuwa tumekaa hata robo saa.

Kwa atakayeomba viza: tangu Juni 2024 ada ya viza ya Schengen, ile ya nchi nyingi za Ulaya, kwa mtu mzima ni euro 90, na bima ya safari lazima ifidie angalau euro 30,000. Mama alitumia taarifa ya benki ya pensheni yake pamoja na barua zetu watoto. Anzeni mapema, miezi mitatu kabla si mingi.

Alhamisi, 10 Oktoba. Areopago na Acropolis

Siku hii naipitisha haraka, maana ilikuwa ya kuzoeza goti. Kilima cha Areopago, ambapo mtume Paulo aliwahutubia Waathene, ni mwamba mtupu uliosuguliwa na nyayo za karne nyingi hadi ukateleza kama sabuni. Kuna ngazi ya chuma upande mmoja, lakini mama alipoiangalia akasema hapana. Chini ya mwamba, ukutani, kuna bamba la shaba lenye hotuba yote ya Matendo 17 kwa Kigiriki. Mama hajui Kigiriki. Alipita na kidole mstari kwa mstari kama anavyowafundisha watoto wa darasa la kwanza, na kwa sababu hotuba anaijua kichwani, alikuwa anakisia yuko neno gani. Alipofika alipodhani ni "Mungu asiyejulikana" akasimamisha kidole. Watu walikuwa wanatusubiri tuondoke wapige picha. Nikawaomba wavumilie, wakavumilia.

Acropolis, ngome ya kale juu ya kilima cha Athens, kuna lifti kwa wasioweza kupanda. Tuliuliza mlangoni, wakalitazama goti lililofungwa bendeji, wakatuelekeza. Kiingilio kilikuwa euro 20. Tangu Aprili 2025 kimepanda hadi 30, na vya magofu mengine nitakayoyataja vimepanda pia, kwa hiyo hesabu zangu chukueni kama za mwaka ule. Ukiweza kupanga tarehe, viingilio vya serikali ni bure tarehe 28 Oktoba, siku yao ya taifa, na Jumapili ya kwanza ya kila mwezi kuanzia Novemba hadi Machi.

Ijumaa, 11 Oktoba. Siku ya basi

Ziara ya kundi tuliilipia euro 98 kila mmoja, basi na mwongoza watalii ndani, viingilio na chakula nje. Ziara nyingi za upande huo husimama kwenye mfereji wa Korintho tu, kisha zinakimbilia magofu ya Mycenae. Soma ratiba vizuri kabla ya kulipa, uone imeandikwa Korintho ya Kale na si mfereji peke yake. Nusura tuingie mkenge huo.

*Saa moja na nusu asubuhi, karibu na uwanja wa Syntagma.* Jua ndiyo kwanza linachomoza. Watu 38, kutoka pande zote za dunia. Viti vya mbele vilishakaliwa na wazee wawili wa Kihindi, mume na mke. Yule mama alimwona mama yangu anavyopanda vidato kwa mguu mmoja mmoja, akamgusa mumewe begani, wakahamia nyuma bila neno. Mama akawaombea baraka kwa Kiswahili. Sijui walielewa nini, lakini yule bibi alifumba mikono kifuani na kuinamisha kichwa.

*Saa tatu na robo, mfereji wa Korintho.* Ni kama kilomita 80 kutoka Athens, barabara kuu ya kulipia, laini, bahari upande wa kushoto karibu njia nzima. Basi linakuacha kando ya daraja. Unatembea hatua chache, unachungulia, na chini yako ardhi imepasuliwa kwa kisu. Kuta zinashuka wima hadi kwenye maji ya kijani yaliyo mbali mno, mfereji wenyewe una upana wa mita 21 tu kule chini na urefu wa zaidi ya kilomita 6. Kaisari Nero alianza kuuchimba mwaka 67, akafa mwaka uliofuata, kazi ikalala. Kabla yake na baada yake meli zilikuwa zinakokotwa nchi kavu, juu ya barabara ya mawe, kutoka bahari hii hadi ile. Wachimbaji wa kisasa walianza 1882 na kumaliza 1893.

Mama hakuchungulia sana. Alikuwa amegeukia upande mwingine, kwenye ukingo wa maegesho. "Mkonge!" akasema kwa sauti. "Njoo uone, mkonge huku!"

Haukuwa mkonge wetu hasa, ni jamaa yake, majani mapana zaidi yenye rangi ya majivu. Lakini mwiba wa nchani ni uleule, na mama aliushika kwa vidole viwili kwa uangalifu wa mtu anayejua unavyochoma. Dereva alikuwa anavuta sigara pembeni. Akaizima, akaja.

"Umesema mkonge?"

Alilitamka sawasawa. Mama yake, akatueleza kwa Kiingereza, alizaliwa Tanga. Babu yake alikuwa msimamizi wa shamba la mkonge huko, na familia iliondoka mwishoni mwa miaka ya 60. Wagiriki wenye mashamba ya mkonge walikuwa wengi Tanga na Morogoro, wazee wetu wanawakumbuka. Nikamwambia jambo ambalo kila mtoto wa Tanga hufundishwa: miche ya kwanza ya mkonge ililetwa kwetu na Mjerumani, Dakta Hindorf, mwaka 1893. Mama akaonyesha mfereji kwa kidole: "Mwaka uleule." Tukasimama sote watatu tukilitafakari hilo.

Nikamuuliza dereva kama anajua Kiswahili. Akafurahi, akahesabu kwa vidole maneno aliyoyasikia nyumbani utotoni: polepole. Maji. Lete. Upesi.

Nilimtazama mama. Baba yake, babu yangu, alikata mkonge mpaka mikono ikaisha. Lete na upesi ndiyo maneno aliyoambiwa yeye. Dereva hakuwa na ubaya wowote, alikuwa anatupa alichorithi, na sura yake ilikuwa imechangamka kama ya mtu aliyepata ndugu. Mama alinyamaza kidogo, kisha akasema kwa ile sauti ya darasani, nami nikatafsiri: "Hayo manne unayajua vizuri. Sasa ongeza matatu. Naomba. Tafadhali. Na shikamoo." Akamweleza shikamoo ni ya nani kwa nani. Dereva akarudia mara tatu, "shikamo", "shikamu", hadi honi ya basi lingine ikatufukuza.

*Saa nne kasorobo, Korintho ya Kale.* Kiingilio euro 8.

Nilikuwa na hofu kwamba angevunjika moyo. Mtu akibeba mahali moyoni miaka sitini, halafu anafikishwa akakuta mawe, nyasi kavu na paka... Hofu ilikuwa bure. Kitu cha kwanza unachokiona ni nguzo saba za hekalu la Apolo, nene, fupi kidogo, kila moja jiwe moja zima. Mwongozaji, mwanamama mwenye kofia pana na subira ya mtakatifu, alisema zilisimamishwa katikati ya karne ya 6 kabla ya Kristo. Mama akapiga hesabu hapohapo: Paulo alifika huku kama mwaka 50, kwa hiyo alizikuta zina miaka mia sita. "Kwake zilikuwa magofu ya kale," akasema. Nyuma yetu mlima wa Acrocorinth umeinuka na ngome yake kileleni, kama mita 575 kutoka usawa wa bahari, na mawingu yalikuwa yanaupita kwa kasi.

Mji Paulo aliouona haukuwa mji wa Wagiriki wa zamani. Warumi waliuteketeza mwaka 146 kabla ya Kristo, ukalala magofu karibu karne nzima, na Julius Caesar ndiye aliyeufufua mwaka 44 kabla ya Kristo. Ulikuwa mji wa wahamiaji, wenye bandari mbili, fedha nyingi na makabila yote. Ndiyo maana fundi wa mahema kama Paulo angepata kazi hapo asubuhi aliyofika.

Tukashuka sokoni. Katikati ya uwanja kuna jukwaa la mawe lililoinuka kuliko kimo cha mtu: Bema, kiti cha hukumu cha liwali Galio, alikoshtakiwa Paulo. Jina la Galio limekutwa pia kwenye maandishi ya mawe yaliyofukuliwa Delphi, na kwa hayo wataalamu wanajua kesi ya Paulo ilikuwa karibu mwaka 51. Wenzetu walipiga picha. Mama alisimama mbele ya jukwaa, pochi kifuani kwa mikono miwili, akalitazama kutoka chini kwenda juu, kwa muda mrefu. Kisha akaniambia nimuulize mwongozaji: Sosthene alipigwa upande gani?

Mwongozaji aliganda. Watu wote wanauliza Paulo alisimama wapi, akasema. Huyo Sosthene hajaulizwa naye hata siku moja, ingawa amemsoma. Kwa asiyekumbuka: kesi ilipotupwa, watu walimkamata Sosthene, mkuu wa sinagogi, wakampiga mbele ya kiti cha hukumu, na Galio hakujali. "Nimemhurumia siku zote," mama akasema. "Na ukifungua waraka wa kwanza kwa Wakorintho, mstari wa kwanza kabisa, Paulo anaandika yeye na Sosthene ndugu yetu. Kama ndiye yuleyule, basi mambo makubwa yalitokea hapa katikati." Mwongozaji alitoa kalamu, akaandika kwenye mgongo wa ratiba yake.

Kwenye mawe yaliyovunjikavunjika kati ya soko na barabara ya kale ya Lechaion ndipo yule kijana alipompa mama mkono. Ni Mbrazili, nimethibitishiwa. Hakumwachia mpaka makumbusho.

Makumbusho ni madogo, yamo ndani ya eneo lilelile na tiketi ni hiyohiyo. Msiyaruke hata basi likiwaita. Mwaka 1990 wezi waliyavunja usiku na kuchukua vitu karibu 300, na karibu vyote vilipatikana Miami mwaka 1999, ndani ya makasha ya samaki. Lakini kilichotusimamisha sisi hakikuwa na thamani ya dhahabu. Ni kabati la viungo vya mwili vya udongo wa kuchoma. Mikono. Masikio. Matiti. Macho. Miguu, mmoja umekatikia chini kidogo ya goti, vidole vitano vimetenganishwa kwa mikwaruzo ya kijiti, na kwenye kisigino alama ya kidole gumba cha mfinyanzi ilikuwa bado imo, unaweza kuona mistari ya ngozi. Wagonjwa walivipeleka kwa Asklepios, mungu wao wa uponyaji, kila mtu na kiungo kilichomuuma au kilichopona.

Mama aliukaribia ule mguu mpaka pumzi yake ikafanya ukungu kwenye kioo. Mkono wake mmoja ulikuwa kwenye goti lake. Akaanza taratibu, kwa sauti ya chini, sura ile ya 12 ya waraka wa kwanza kwa Wakorintho, ambapo jicho haliwezi kuuambia mkono kwamba halina haja nao, wala kichwa hakiwezi kuiambia miguu vivyo hivyo. Mwongozaji, mkweli hadi mwisho, alitueleza kwamba udongo ule ni wa karne ya 5 na ya 4 kabla ya Kristo, ulishafukiwa siku nyingi kabla Paulo hajafika. "Haidhuru," mama akasema. "Wenye kuumwa ni walewale."

Tulipewa saa moja na robo. Ni kidogo mno, nasema kwa uchungu kabisa. Anayeitaka Korintho peke yake aende kwa treni ya kitongoji kutoka Athens hadi Korintho mpya, kisha teksi ya kilomita chache, akae siku nzima.

*Saa sita kasoro, Mycenae.* Kiingilio euro 12. Mteremko ni mkali na jua la Oktoba bado lina meno. Mama alifika Lango la Simba, akatosheka. Simba hao wawili wa mawe wamesimama juu ya lango tangu kama mwaka 1250 kabla ya Kristo, vichwa havipo. Wagiriki wa baadaye walipoyaona mawe ya ukuta huo walisema hayawezi kuwa kazi ya binadamu, ni ya majitu. Mimi nilipanda hadi juu na kurudi nikiwa nimeloa jasho, mama amekaa kivulini na yule bibi wa Kihindi, wanakula zabibu kavu kutoka mfuko mmoja, hawana lugha hata moja ya pamoja.

Lililomfurahisha zaidi liko chini barabarani, halina ngazi: kaburi wanaloliita Hazina ya Atreus. Unaingia kwa njia tambarare kati ya kuta mbili, kisha uko ndani ya mzinga wa nyuki wa mawe, kimo zaidi ya mita 13, umejengwa bila chokaa, na jiwe moja tu juu ya mlango linakadiriwa kuwa tani 120. Ndani kuna baridi na mwangwi. Mama aliguna kidogo tu, na mguno wake ukazunguka ukarudi.

Kwa atakayekwenda: maji ya chupa nusu lita ni senti 50 kwenye vibanda, bei imepangwa na serikali, usikubali zaidi. Na vyooni karatasi hazitupwi ndani ya choo, kuna ndoo. Mabomba yao ni membamba, watu wanaoziba wanaacha aibu kwa wanaofuata.

*Saa nane, Nafplio.* Njia inapita katikati ya michungwa, maelfu ya michungwa, na mama alishikilia kiti cha mbele kama anataka kushuka. Muheza ni nchi ya machungwa. Ya huko yalikuwa bado mabichi, yanaiva baridi ikianza. Alimuuliza dereva wanaweka mbolea gani, dereva hakujua, akampigia shemeji yake simu huku basi limesimama kwenye taa. Samadi ya mbuzi, jibu likaja.

Nafplio ni mji mzuri wa bahari, uliokuwa mji mkuu wa Ugiriki huru kabla ya Athens, na ngome kubwa ya Palamidi juu yake. Chakula cha mchana cha kundi kilikuwa euro 18 kwenye mgahawa uliokwisha pangwa. Tulilipa, hatukushiba. Ushauri wangu: jitengeni, ingieni vichochoro vya ndani. Huko tulikuta mwanamke anakaanga vidonge vya unga kwenye karai, anavichovya asali na kuvinyunyizia mdalasini. Mama alitupia kimoja mdomoni, akafumba macho.

"Kaimati."

Wao wanaziita *loukoumades*. Lakini ni kaimati, mwanangu, ni kaimati za Ramadhani za jirani zetu kabisa, nje kauka ndani laini, tofauti ni asali badala ya shira. Sahani ilikuwa euro 5. Tulikula mbili. Mwanamke yule alipoona mama anavyokula, aliongeza sita juu ya sahani na kukataa pesa.

Tulipaswa kuondoka saa tisa na nusu. Wanandoa wawili wa kundi letu walipotea. Dakika 40 tukawasubiri, mwongozaji anapiga simu, watu wananung'unika. Mama alimpelekea dereva kaimati nne kwenye kitambaa cha karatasi. Dereva alipokea kwa mikono miwili, akawaza, akasema, "Naomba... maji?" Nilimpa chupa yangu nzima.

*Saa kumi na moja kasoro, Epidaurus.* Kiingilio euro 12. Hapa palikuwa makao makuu ya yule Asklepios tuliyekutana naye asubuhi kwenye kabati la udongo. Wagonjwa walisafiri kutoka mbali, kwa meli na kwa miguu, wakafika, wakaoga, wakalala usiku ndani ya ukumbi maalumu wakingojea aje ndotoni kuwatibu au kuwaelekeza dawa. Kwenye makumbusho kuna vibao vya mawe vilivyoandikwa nani aliumwa nini na alivyopona, na pia vifaa vya upasuaji, vijisu na koleo. Mama alikaa juu ya benchi mbele ya magofu ya ule ukumbi wa kulala, akanyoosha mguu, akakandakanda goti. Aliuliza wangapi walirudi nyumbani vilevile walivyokuja. Mwongozaji akasema vibao haviwaandiki hao.

Ukumbi wa maigizo uko upande wa pili wa miti ya misonobari. Ni wa karne ya 4 kabla ya Kristo, ngazi 55 za viti vya mawe ya chokaa zimekumbatia kilima kama kikapu, zinatosha watu kama 14,000, na bado michezo huigizwa humo kila kiangazi. Mawe yenyewe na mpangilio wa safu hupunguza vishindo vizito vya sauti, ndiyo maana maneno husikika safi. Mwongozaji alichana karatasi katikati ya uwanja, wa mbele wakapiga makofi. Nikapanda. Sikuhesabu ngazi, nilihesabu pumzi. Nilipofika safu ya juu kabisa nikageuka. Mama alikuwa kidoti cha kitenge cha buluu, amesimama juu ya lile jiwe la duara katikati. Hakupaza sauti, nilimwona hata hakuinua kidevu.

"Umefika? Basi kaa kidogo. Umekunywa maji?"

Nilisikia kila herufi. Sikuwa na maji, nilimpa dereva. Nikasema, "Nimekunywa, mama," na jibu langu halikumfikia. Akaweka mkono sikioni. Nikapunga mkono. Nilikaa juu kule mpaka nilipomaliza kulia, kisha nikashuka.

*Saa moja na robo, magharibi.* Tulitoka Epidaurus tumechelewa sana, na mwongozaji akatangaza hakuna kusimama tena. Njia ya kurudi inafuata pwani kuelekea shingo ya nchi ulipo ule mfereji. Mama alikuwa anatazama ramani kwenye simu yangu. Akaniambia: tutapita Kenkrea.

Kenkrea, leo Kechries, ndiyo iliyokuwa bandari ya mashariki ya Korintho. Hapo Paulo alinyoa kichwa kabla ya kupanda meli, na hapo ndipo kwao Fibi, ambaye mama humtaja kila akihubiri Siku ya Akina Mama. Leo gati zake za kale zimezama, matetemeko yamezishusha chini ya maji. Nilimwendea mwongozaji, akatikisa kichwa kwa huzuni: muda wa kazi wa dereva umebana, sheria ni sheria. Nikarudi kitini. Dereva alikuwa amesikia.

Baada ya dakika chache taa ya kuashiria ikawaka upande wa kulia. Basi halikusimama. Lilipunguza mwendo hadi ule wa mtu anayetembea, magari nyuma yakaanza kutupita, na dereva akasema bila kugeuka, "Kechries, mama. Polepole."

Kulikuwa na kiza tayari. Tuliona ghuba ndogo, mwanga wa nyumba mbili tatu, maji meusi yaliyotulia, na ukingo wa mawe unaoingia baharini na kupotea. Mama aliweka kiganja chote kwenye kioo. Hakusema kitu. Nyuma yake yule bibi wa Kihindi aliinuka akachungulia pia, asijue anachungulia nini. Ilichukua labda dakika moja na nusu, kisha basi likarudi kwenye mwendo wake.

Athens tuliingia saa tatu kasorobo usiku. Dereva alishuka kwanza, akampa mama mkono kidato kwa kidato. "Shikamoo," akasema, imenyooka kabisa. "Marahaba, mwanangu. Mama yako mzima? Mpe salamu za Tanga."

Jumamosi, 12 Oktoba

Goti liliamka limevimba. Mfamasia wa mtaani Kypseli alimkalisha mama ndani ya kaunta, akaniuzia dawa ya kupaka ya euro 6 na kunifundisha kufunga bendeji upya, mara mbili, mpaka nikaipata. Siku nzima tulikaa kwenye roshani ya dada. Jioni nilimkuta mama anaandika kwenye daftari lake la kanisani, lile lenye kila mahali Paulo alipopita, kwa safu, na alama pembeni. Mbele ya Korintho aliandika: tumefika. Mbele ya Kenkrea: tumepita.